Sura ya Saba: Kitufe cha Nafasi

Mkuu wa kituo alikuwa ameshasema lake: kijana alijiua, faili lifungwe leo, basi. Inspekta alijibu "Sawa, afande" kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali hata chembe, akachukua mkoba wake na kumwambia koplo awashe gari.

Inspekta huyo kituoni walimwita Shangazi. Hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Akikukalisha kwenye kiti na kukuuliza ulikuwa wapi, ulijikuta unamwaga mpaka yale ambayo hujaulizwa, kama mtoto aliyebanwa na dada wa baba yake.

"Tunarudi kufanya nini, Shangazi?" koplo aliuliza njiani. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, na kitambi hicho hakikupenda ngazi. "Kile chumba tumekichambua mpaka chini ya kapeti."

"Tunampeleka mgeni."

Mgeni alikaa kiti cha nyuma, mkoba wake umepakatwa magotini. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwalimu wa Kijapani katika chuo kimoja cha lugha. Marehemu alikuwa mwanafunzi wake. Tangu apande gari alikuwa hajasema neno zaidi ya salamu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja. Chini mbele palikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, ya kaka mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Nyuma yake kilikuwa chumba cha mama yao. Juu aliishi mdogo mtu, aliyeitwa Pengwini kwa sababu ya picha ya ndege huyo aliyoibandika kwenye kompyuta yake. Juu zaidi lilikuwa paa la zege, lenye tangi la maji, antena ya intaneti na kamba za kuanikia nguo. Wiki iliyopita, mchana kweupe, Pengwini alianguka kutoka paa hilo hadi uani, akafa palepale.

Cheche alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mashine ya kuchomelea imepoa pembeni yake. Aliwatazama wakipita, hakuinuka. Mikononi alishika simu, lakini kioo chake kilikuwa kimezimwa.

Mama yao aliwapokea ngazini.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmeshapata jibu?"

"Bado kidogo."

Mama alimvuta pembeni, akashusha sauti. "Mlango wa paa nimeufunga. Ufunguo huu hapa, nalala nao." Alimwonyesha fundo kwenye pindo la nguo yake. "Huyu mkubwa hali, hasemi, hafanyi kazi. Anasema amemuua mdogo wake kwa mdomo wake. Asubuhi ile mdogo wake alimtumia ujumbe kwenye simu, kutoka kwenye kompyuta kama kawaida yake, na mpaka leo hajaufungua. Anaikumbatia tu ile simu. Mwanangu, nimezika mmoja. Nisaidie nisizike wa pili."

Yale ya mdomo Inspekta aliyajua. Yalikuwa kwenye faili, na majirani waliyasikia. Siku moja kabla ya kifo, ndugu hao wawili walizozana uani. Cheche alimuuliza mdogo wake ni kazi gani hiyo ya kushinda ndani akijaribu mifumo ya kompyuta ya watu, tena mifumo ya bure ambayo hata haijakamilika. Akamalizia kwa kumwambia asimwite kaka tena mpaka awe mwanaume. Kesho yake Pengwini alikuwa maiti, na kwenye kompyuta yake kulikuwa na maneno ya Kijapani ambayo simu ya koplo iliyafasiri hivi: *Nitajuta. Nafasi sasa basi. Asante kwa muda wote huu.* Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi ya hapo.

*

Chumba cha Pengwini kilinuka vumbi na kahawa iliyochacha. Meza, kitanda, rafu ya kamusi, kikasha cha zana. Kompyuta ilikuwa palepale, flashi imechomekwa ubavuni.

"Mwalimu, keti," Inspekta alisema, akampa simu yenye picha ya skrini ile. "Soma. Usiharakishe."

Mwalimu alisoma, midomo ikicheza. Akarudia. Kisha akavua miwani.

"Hii hakuandika yeye."

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango akitafuta pumzi, alisimama wima.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Nimemfundisha mimi. Sarufi angeweza kukosea, maneno hakosei. Ukisoma haraka utaona ni mtu anaaga. Ukisoma kama mwalimu, vipande havishikani. Mtu mwenye majuto anasema 'najuta'. Huyu anasema 'nitajuta', kama mtu aliyejipangia ratiba ya kujuta. Na hili la nafasi halina kichwa wala miguu."

"Kwa hiyo kuna mtu aliandika badala yake," koplo alisema, macho yamemtoka. "Mwalimu, hapa mjini ni nani anaweza kuandika Kijapani?"

"Wachache sana."

"Wachache akina nani?"

Mwalimu alirudisha miwani usoni. "Waliomfahamu yeye? Mimi peke yangu."

Koplo alimtazama Inspekta kwa jicho la mtu aliyeona mnofu ukijileta wenyewe mdomoni.

"Siku ile mchana ulikuwa wapi?" Shangazi aliuliza, bila kupandisha sauti.

"Chuoni, nasimamia mtihani. Darasa zima lilikuwa linanitazama."

"Mara ya mwisho kuongea naye?"

"Siku moja kabla. Alinipigia simu." Mwalimu aliangalia mikono yake. "Alikuwa anatengeneza kamusi ya Kijapani na Kiswahili, pamoja na Mjapani mmoja waliyejuana mtandaoni. Aliniomba nimsomee utangulizi. Nikamwambia nina mitihani ya kusahihisha, tuonane wiki ijayo. Akacheka. Akasema haina shida, Mwalimu, lakini kesho naiweka hadharani. Mitihani yenyewe mpaka leo sijaimaliza."

"Alisema 'naiweka hadharani'?"

"Maneno yake hayo."

"Kwa Kijapani mtu akitaka kusema hivyo anasemaje?"

"*Koukai*," Mwalimu alijibu, kisha akanyamaza ghafla, mdomo ukiwa wazi.

"Na kujuta?"

"*Koukai*," alisema kwa sauti ndogo. "Sauti ni moja. Maandishi ndiyo mawili."

"Na ile nafasi?"

"*Kikai*. Nafasi, bahati ya kupata kitu." Alishika kichwa. "Na *kikai* nyingine ni mashine. Yesu wangu. Mashine sasa ni nzuri. Alikuwa anasema mashine sasa ni nzuri."

Koplo aliomba wamweleze na yeye, maana naye alikuwa analipwa kwa kazi hiyo. Mwalimu akageukia upande wake, na sauti yake ikawa ya darasani.

"Nikikwambia 'paa', utaelewa nini?"

"Paa la nyumba."

"Au?"

"Au paa yule mnyama. Au kupaa angani." Koplo alisita, macho yakampanda hadi darini, akatamani asingelitaja.

"Basi. Sisi tunaandika vilevile, msomaji ataelewa mwenyewe. Wajapani kila maana ina mchoro wake. Kwenye kompyuta unaandika sauti kwa herufi hizi hizi zetu, halafu unabonyeza kitufe kirefu cha chini, cha nafasi. Mashine inakupa neno la kwanza. Ukibonyeza tena, inakupa la pili. Ukiridhika, unathibitisha."

"Na kujuta ni la ngapi?"

"Kwangu ni la pili. Hadharani ndilo la kwanza. Mashine ndiyo ya kwanza, nafasi ni ya pili. Sasa mtu anabonyezaje mara mbili bila kujua? Tena kwenye maneno mawili?"

"Labda alijua," koplo alisema. "Labda alitaka kusema hivyohivyo."

Hilo Inspekta hakulipinga. Lilikuwa swali zuri, na mkuu wa kituo angeliuliza kabla hajakaa kitini.

"Tuiwashe," alisema.

Hapo koplo aliinamisha kichwa, maana hapo ndipo alipokuwa ameharibu. Siku ya kifo aliipiga skrini picha, kisha akaizima kompyuta vizuri, kama raia mwema anayebana umeme. Hakujua kwamba Pengwini alikuwa anaendesha mfumo wa Linux, toleo la majaribio, moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Mfumo wa namna hiyo ukiuzima hausahau tu ulichoandika. Unasahau kwamba uliwahi kuwepo. Kila kitu alichokipanga marehemu siku ile kilifutika, ikabaki picha kwenye simu.

"Nimeshaomba radhi, Shangazi."

"Sijasema kitu. Na pengine umetusaidia. Itaamka leo ikiwa mpya, kama ilivyokuwa mpya kwake asubuhi ile. Mwalimu, unajua kuweka Kijapani?"

"Yeye ndiye aliyeniwekea kwenye kompyuta yangu, mwaka jana."

Skrini iliwaka. Picha ya mandharinyuma ilikuwa ya buluu tupu, na katikati maandishi meupe: *Toleo la majaribio. Usilitumie kwa kazi muhimu.* Mwalimu aliyasoma, akavuta pumzi, akashika kipanya.

"Mipangilio," alisema, akiwa anajiongelesha mwenyewe. "Lugha na kibodi. Ongeza. Shuka chini, shuka, usiogope, haiumi." Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilofika popote. "Ndivyo alivyokuwa ananiambia. Usiogope, Mwalimu, haiumi. Kijapani hiki hapa. Sasa toka, ingia upya, la sivyo haikubali."

Walitoka, wakaingia upya. Kwenye pembe ya juu ya skrini kikatokea kialama cha herufi. Mwalimu alikibonyeza, na herufi ikageuka kuwa ya Kijapani.

"Andika alivyoandika yeye," Inspekta alisema. "Kwa mwendo wako wa kawaida. Usitazame skrini."

Mwalimu alifumba macho. Vidole vilikwenda: *koukai*, kitufe kirefu mara moja, thibitisha. *Kikai*, kitufe kirefu mara moja, thibitisha. Akafumbua macho.

Inspekta hakujua hata herufi moja ya Kijapani, lakini aliiweka simu yenye picha kando ya skrini, akalinganisha mchoro kwa mchoro, mstari kwa mstari. Ilikuwa ileile.

"Kitufe kinahesabu mara mbili," alisema. "Unagusa mara moja, mashine inasikia mara mbili."

"Mbona shukrani haikuharibika?" koplo aliuliza, ambaye alikuwa ameshaketi kwenye ukingo wa kitanda.

Mwalimu alijaribu. "Hilo lina njia mbili za kuandikwa, na zote maana yake ni asante. Ukiruka ya kwanza unaangukia kwenye asante nyingine."

"Inaweza kuwa kibodi imechoka," Inspekta alisema. "Chomoa flashi, washa mfumo wake wa zamani."

Koplo alifanya hivyo, mara hii akiuliza kila hatua kabla ya kugusa. Kwenye mfumo wa zamani kitufe kilihesabu mara moja, kama kitufe chenye adabu. Kibodi ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye flashi.

"Mkono wake ulizoea kugusa mara moja," Mwalimu alisema. "Hakutazama. Alikuwa na haraka, na furaha. *Naiweka hadharani. Mashine sasa ni nzuri. Asante kwa muda wote huu.* Alikuwa anamwambia mwenzake kazi imekwisha." Akavua miwani tena, na safari hii hakuirudisha. "Ningeusoma ule utangulizi ningekuwa hapa siku ile. Ningekuwa nimekaa kwenye kiti hiki."

*

"Sawa," koplo alisema. "Hakuaga. Sasa paani alifuata nini?"

Inspekta alikuza picha ile mpaka pembe ya juu ikajaa kioo. Karibu na kialama cha herufi kulikuwa na alama ya mtandao, imekatwa kwa mstari. Yeye na koplo walikuwa wameitazama picha hiyo wiki nzima, wakaona maneno tu.

"Intaneti ilikatika," alisema. "Ujumbe haukuondoka. Na kikasha cha zana kile pale, nafasi ya spana iko wazi. Spana gani iliokotwa uani?"

"Moja. Nikaandika ni ya karakana. Pale chini pamejaa spana."

"Za Cheche zote zina rangi nyekundu mkiani. Ile ina rangi?"

Koplo alikuwa anajua kwamba haina.

Mama alifungua fundo, akatoa ufunguo bila kuuliza, lakini macho yake yaliwasindikiza mpaka juu ya ngazi.

Paani upepo ulipiga nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Antena ilikuwa karibu na tangi, imegeuzwa nusu, nati yake imelegea. Ili kuifikia ulilazimika kuegemea ukingo wa chuma wa upande ule, na upande ule haukuwa tena na ukingo. Kipande chake kilikuwa bado kinaning'inia kwenye waya.

"Ulikatika kwa uzito wake," koplo alisema. "Ndivyo tulivyoandika. Aliurukia."

Inspekta alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye ncha ya chuma.

"Chuma kikivunjika kinapinda. Hiki kimenyooka. Kimekatwa kwa grenda." Alionyesha nyuma ya tangi, ambako nguzo mpya zilikuwa zimelazwa, zimepakwa rangi ya kuzuia kutu, zinasubiri. "Mtu alikuwa anabadilisha ukingo. Akakata wa zamani, akaushikiza kwa waya wa kufungia ili urudi mahali pake kwa muda, halafu akaacha."

Koplo alitazama nguzo, akatazama waya, akatazama chini uani, ambako kona ya karakana ilionekana. Hakuuliza ni nani mwenye grenda katika nyumba ile.

"Siku ya ugomvi," alisema baadaye. "Alikuwa anafanya kazi hapa. Wakazozana uani, akapanda kukusanya vyombo vyake, akashuka."

"Ndiyo."

"Shangazi, tuandike ajali, twende zetu. Chuma kilikuwa kibovu. Nani atauliza?"

Inspekta alikaa juu ya zile nguzo. Kwa mara ya kwanza katika kesi hiyo alitamani mkuu wa kituo angeikabidhi kwa mtu mwingine. "Mkuu atauliza. Atasema ule ugonjwa wa kitufe tumeuona leo, nani anasema ulikuwepo siku ile? Ushahidi wa siku ile ulizimwa." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomuuma koplo zaidi. "Nahitaji kitu alichoandika kwenye mashine hiyo, asubuhi hiyo. Bila hicho faili linafungwa leo, na yule mama anaambiwa mwanawe alijiua."

"Ule ujumbe wa simuni."

"Ule ule."

"Na kama umetaja ukingo?"

Inspekta aliinuka, akakung'uta sketi. "Piga picha kila kitu. Chukua huo waya," alisema, akashuka.

*

"Umekuja kunikamata?" Cheche aliuliza. Bado alikuwa kwenye ndoo yake.

"Nimekuja kukuomba simu."

"Siwezi. Najua kilichomo."

"Hujui. Mimi nilidhani najua, nikawa sijui." Inspekta alivuta gurudumu kuukuu, akaketi mbele yake, magoti yao yakakaribiana. "Mdogo wako hakujiua."

Cheche alimkazia macho.

"Yale maneno ya Kijapani yalikuwa habari njema. Kamusi yake ilikuwa tayari, alikuwa anamwambia mwenzake. Mashine ilibadilisha maneno mawili. Mwalimu wake yuko juu, ataapa mbele ya yeyote."

"Hakuwa anajuta?"

"Hakuwa anajuta chochote."

"Kwa hiyo si mdomo wangu."

"Si mdomo wako."

Cheche alijifunika uso kwa viganja vyake vikubwa vilivyojaa makovu ya moto, akalia kwa sauti, bila aibu, kama mtu anayetua mzigo katikati ya njia. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Inspekta aliwatazama wote wawili, akajua kwamba akitaka kuondoka, dakika ya kuondoka ndiyo hiyo.

Lakini Cheche alikuwa ameshafuta uso. "Sasa kule juu alikwenda kufanya nini?"

"Kugeuza antena. Intaneti ilikatika."

Fundi hahitaji kuchorewa. Macho ya Cheche yalipanda taratibu kwenye dari ya karakana, yakasimama kwenye pembe moja.

"Upande wa tangi," alisema.

"Upande wa tangi."

"Niliushikiza kwa waya." Aliongea polepole, akisikiliza kila neno linavyotoka. "Nilijisemea kesho nitamalizia. Halafu kesho ilipofika nikasema sipandi, nitampandia nani, mtu mwenyewe hana shukrani. Nilikuwa hapa hapa chini. Mashine ilikuwa inawaka. Nilikuwa nachomelea geti la mtu."

Inspekta alinyoosha mkono, na Cheche akaiwasha simu mwenyewe, akaufungua ujumbe, akausoma kwa sauti ya mtoto anayejifunza kusoma, maana maneno yalikuwa yametawanyika, kila moja limekaa mbali na mwenzake.

*Kaka  ya  jana  yamekwisha.  Leo  naweka  kamusi  hadharani.  Njoo  tumalizie  ule  ukingo,  mama  anaanika  nguo.  Nitakushikia  vyuma.*

"Mbona ameyaachanisha hivi?" Aligusa kioo kwa kidole kinene, kwenye uwazi kati ya neno na neno. "Haandikagi hivi."

"Kitufe cha nafasi kilikuwa kibovu," Inspekta alisema. "Akigusa mara moja, kinahesabu mara mbili. Huu ndio ushahidi niliokuwa nautafuta. Kwa huu hapa hakuna atakayesema alijiua."

"Amesema yamekwisha."

"Ndiyo."

"Na bado ameniita kaka."

Inspekta alikuwa na maneno ya kazi ya kusema: kwamba itabidi aandike maelezo, kwamba mwanasheria wa serikali ndiye atakayeamua kama uzembe ule ni kosa, kwamba asisafiri. Aliyasema yote, kwa ufupi, na hakuna lililokuwa jepesi. Cheche alitikisa kichwa kila mara kukubali.

"Nitaandika," alisema. "Nitaandika kila kitu, na jina langu nitaweka. Lakini koplo wako amemaliza picha zake?"

"Amemaliza. Mlango ameufunga, ufunguo kamrudishia mama."

"Basi niache kwanza nimalizie ule ukingo. Mama anaanika nguo kule."

Aliinuka, akabeba mashine ya kuchomelea begani na kinyago mkononi. Mlangoni mama yake alimzuia. Walitazamana. Mama aliishusha mikono, akafungua lile fundo la nguo, akatoa ufunguo na kuuweka kwenye kiganja chake. Ndipo akamwachia njia.

Juu, Cheche alipanga vyombo. Alichukua nguzo ya kwanza, akaisimamisha mahali pake, akaiegemeza kwa goti, ikalala. Akaisimamisha tena. Kazi ile ilihitaji watu wawili, na wote waliokuwepo paani walijua wa pili alikuwa nani. Koplo alijikohoza, akatazama pembeni.

Inspekta alivua koti, akalitundika kwenye kamba, katikati ya nguo za mama.

"Shika hapo chini," Cheche alisema. "Mikono miwili. Na usiangalie moto."

Akashika, akageuza uso.